Papa Ijeni na Sufuria Zilizongoja

Alikuwa akiingia katika restora ya watu jinsi mtu anavyoingia chumba cha maiti kumtambua ndugu yake: polepole, leso puani, macho yamekwisha kuyakubali mabaya kabla hayajaonekana. Hasalimu. Anapita katikati ya meza mpaka jikoni, anafunua sufuria ya kwanza, anainama, anavuta pumzi, anafunika. Anafunua ya pili. Ndipo anapogeuka na kumtazama mpishi kwa huruma ya daktari.

"Mama, hii ni ya leo?"

Sijawahi kusikia kwamba kuna mwanamke Uvira aliyemjibu kuwa ni ya jana.

Sisi tulimwita Papa Ijeni, kwa kuwa ijeni ndilo neno la maofisini la usafi, na yeye usafi aliuvaa mwilini: koti jeupe linalofika magotini, na mfuko wa kifuani uliojaa kalamu zisizoandika. Mashirika yalikuja mjini na kuondoka, kila moja na rangi ya fulana zake na magari yake yenye bendera. Yeye alibaki. Leo alifundisha kwa jina la hili, kesho kwa jina la lile, na wanafunzi wake walikuwa wale wale: wapishi wa restora, wauza mandazi, wachoma mishikaki wa kando ya barabara, akina mama wa ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Niseme mapema, ili nisidhaniwe namcheka kwa sababu ya koti. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha mama yangu, mwenye restora ndogo hapa Kasenga, kupika bila kumdhuru mtu. Na ndiye aliyesimama mbele ya watu akalichafua jina la mama yangu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Restora ile ilikuwa chumba kimoja cha mbao na bati, lakini ndani yake ndimo tulimopatia karo, dawa na viatu. Mpishi akipoteza jina hana kingine cha kuuza. Bugali ni bugali kila mahali.

Alikuwa na megafoni. Kabla ya kila formasio, yaani mafunzo yake, alikodi pikipiki, akakaa nyuma ya motari, dereva wake, kinyume na dunia, yaani akiangalia walikotoka, koti likipepea, na kuutangazia mji ubaya wake. Alianza sokoni, akapita mitaani, akamalizia ufukweni, ambako akina mama huanika ndagala juu ya mchanga na bata hupita juu ya samaki hao wapendavyo.

"Kolera si uchawi! Kolera ni mkono! Mkono wako weye, mama, weye unayecheka!"

"Papa Ijeni," mmoja angemjibu bila kuinua kichwa, "kama kolera iko mkono, nikate mkono nipike na nini?"

"Pika na mguu!" mwenzake angedakia. "Mguu yako iko safi kuliko uso ya bwana yako!"

Kicheko kingepasuka ufukwe mzima, na ziwa lenyewe, lililolala bluu chini ya milima ya ng'ambo, lingeonekana kama linacheka. Yeye hakukasirika. Alishuka kwenye pikipiki, akaziba megafoni kwa kiganja, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za ukoo, "Mnamwona huyu nzi? Anatoka mu choo ya jirani. Hajanawa. Hajapiga hodi. Anakaa ku samaki yako mbele ya weye mwenyewe kukaa." Na wale waliokuwa wakicheka, nakuambia, waliinua mikono wakaanza kufukuza nzi. Kipaji alikuwa nacho. Nasema hivyo huku nikimchukia kidogo.

Formasio zake zilikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliiona isipokuwa wale waliozipanga: zilifanyika asubuhi. Asubuhi ndiyo saa ambayo mpishi anapika. Mwenye restora yuko wapi saa ile? Yuko juu ya mbabula, anapuliza makaa, anakoroga maharage, anagombana na mleta maji. Basi yeye alimtuma wifi yake. Wifi akiwa na shughuli, alituma mpangaji. Na kwa kuwa kulikuwa na Fanta na nauli ya kurudi, watu ambao hawajawahi kukaanga hata yai waliamka siku hiyo wakiwa wapishi. Ndiyo sababu Kasenga yetu ina mafundi cherehani wengi wenye breve ya usafi wa chakula, cheti kimetundikwa ukutani juu ya cherehani. Kuna mwashi mmoja ambaye mpaka leo anaweza kukueleza, akiwa na mwiko wa saruji mkononi, kwa nini nyama mbichi haikai pamoja na mboga. Anaeleza vizuri sana. Kwake anakula anachokuta.

Mama yangu alikuwa kati ya wachache waliofunga milango na kwenda wenyewe. Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, mtu wa kuudhi kidogo. Alinunua ubao wa pili ili nyama na nyanya zisikutane. Alipandisha bidoni la maji juu ya stuli ya mbao, akalitoboa na kulitia robine, bomba dogo la kufungulia maji, akaning'iniza sabuni ndani ya soksi ili kunguru wasiibe. Maana kunguru wa Uvira wanaiba sabuni, sijui wanaosha nini.

Suala la kunawa kwa muda gani lilileta vita vya dini. Papa Ijeni hakuamini saa za watu. Alitaka kipimo ambacho kila mtu anacho kinywani. Yeye mwenyewe akiwa Mkatoliki, alianza kwa kuwaambia wanafunzi wasugue mikono mpaka Salamu Maria iishe. Mama mmoja wa kanisa la Waprotestanti alisimama.

"Sisi hatunawi na Maria."

"Mama, ni kipimo tu."

"Kipimo tafuta ingine."

Alifikiri, akahamia Baba Yetu, ambayo ni ya wote. Muuza sambusa mmoja, Mwislamu, akasema kwa upole yeye atanawa na Bismillahi. "Iko fupi, mama," Papa Ijeni alimwambia. "Soma Fatiha nzima." Hapo amani ikapatikana. Ila Baba Yetu nayo hakuifikisha mwisho. Alisema ukifika pale unapoomba mkate, basi, mikono imekwisha kutakata, unaweza kuugusa huo mkate. Mengine utamalizia kanisani. Nimemwona akinawa hivyo mara nyingi, midomo ikicheza, vidole vikisuguana kama vya mtu anayepanga hila, na kila mara alikatia hapo hapo, kwenye mkate, akafunga maji.

Adui yake mkubwa hakuwa nzi. Alikuwa beseni. Mnajua desturi yetu: kabla ya kula beseni moja linapita, linaanza kwa mkubwa wa wote, linashuka kwa umri, kila mtu anatumbukiza mikono katika maji yale yale. Mpaka lifike kwa mdogo, maji yamekuwa mchuzi. Na hakuna anayeona ubaya, kwa sababu ile ni heshima, na heshima haina vijidudu. Mama alipoondoa beseni restorani na kuwaelekeza wateja kwenye robine, alipata wakati mgumu. Mzee mmoja mkulima wa mpunga, aliyeteremka kutoka Luberizi kila mara alipoleta mchele sokoni, alikataa kuinuka kwenye kiti.

"Minye muzee mzima nisimame mu foleni nyuma ya bamotari?"

Kwa bahati Papa Ijeni alikuwapo, anakagua chumvi. "Muzee," alimwambia, "kolera haiko na macho ya kuona mvi."

Mzee alinuna, akasimama, akanawa. Na nadhani kama mtu huyu angekuwa na neno lile moja tu maishani, na ujasiri wa kulisema kwa kila mtu, ningeandika habari zake kwa wino mwingine.

Lakini alikuwa na leso. Leso ile ilifuta jasho, ikafuta miwani, ikafuta kijiko alichokishuku kuwa kichafu. Alikuwa na kijiti cha meno nyuma ya sikio, kile kile, siku nenda siku rudi. Na kwenye arusi na matanga, chungu cha pombe ya mtama kilipowekwa katikati na mirija kuchomekwa, mirija michache, vinywa vingi, yeye alivuta kiti mapema. Mtu akimchokoza, "Papa Ijeni, na mate ya batu?" alitoa mrija kinywani kwa staha na kumpa jirani. "Pombe inaua vijidudu," alisema. Sayansi yake ilikuwa na siku za mapumziko.

Na alikuwa na woga. Hilo ndilo lililotuumiza. Mtu huyu aliyeweza kumfanya mama mwenye mabega kama ya mvuta nyavu atetemeke kwa sababu ya mfuniko, alikuwa akikutana na mkubwa yeyote wa ofisi, hata shefu, kiongozi mdogo wa mtaa, anapungua. Nilikuwa nikimtazama kwa mshangao. Mabega yalishuka kwanza, halafu shingo, halafu sauti. Koti lilibaki limesimama, yeye akawa ndani yake kama kikombe ndani ya sanduku. "Ndiyo, Ekselansi." Shefu wa mtaa! Mtu ambaye jana tulimwona amevaa kaputula anakimbiza mbuzi!

Sasa nifike kwenye siku ile.

Ilikuwa siku ya kugawa breve, na formasio ile ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kulikuwa na ukumbi, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na mgeni wa heshima, mkubwa mmoja wa ofisi ambaye nitamwita tu Mkubwa, kwa kuwa nadhani hata kwake anaitwa hivyo. Chakula kilikabidhiwa kwa mwanafunzi bora. Mwanafunzi bora alikuwa mama yangu. Hakulala vizuri kwa furaha. Alipika wali wa Luberizi, kuku, samaki wa mukeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa ikalainika kama hariri, na kila kitu kiliiva kabla ya adhuhuri, kama alivyoagizwa, kama alivyofundishwa, moto, kimefunikwa, mbali na nzi. Ungeweza kumleta malaika akainua mfuniko.

Mkubwa hakuja.

Kwetu sufuria ya sherehe haifunguliwi kabla ya mgeni wa heshima. Haijaandikwa mahali, na hakuna mtu anayeivunja. Mkubwa lazima akute chakula hakijaguswa, anawe wa kwanza, apakuliwe wa kwanza, na wengine wafuate. Basi tulikaa. Jua lilipanda juu ya bati. Mama alitaka kurudisha sufuria motoni, lakini vijana wa protokole, wale wa kupokea wageni, walikuwa wameziondoa mbabula zote na kuzimwagia maji nyuma ya ukuta, moshi usije ukamsumbua Mkubwa. Nilikuwa karibu alipomwendea Papa Ijeni.

"Papa, chakula kinapoa. Nipakue?"

"Mama Neema, ngoja. Mkubwa iko mu njia."

"Mu njia wapi?"

"Mu njia."

"Basi banirudishie moto yangu."

"Moshi, mama."

"Papa, weye njo ulinifundisha."

Alitoa leso, akafuta miwani, akaenda kukaa mbele.

Na hapa, kama ningekuwa natunga, ningeogopa kuandika kilichofuata. Mwongoza sherehe, ili kuwachangamsha watu waliochoka, alimwomba Papa Ijeni arudie kidogo somo lake. Akasimama. Akatoa somo ambalo kila mmoja wetu alilijua kwa moyo: kwamba chakula kilichoiva hakitakiwi kukaa katika uvuguvugu, kwamba vijidudu vinapenda uvuguvugu kama watu wanavyopenda arusi, kwamba humo vinaoana, vinazaa, vinabatiza, na watoto wao nao wanaoana kabla ya jioni. Nyuma yake, mezani, sufuria za mama yangu zilikuwa zimejipanga katika joto la ukumbi. Alikuwa akizitazama. Sisi sote tulikuwa tukizitazama. Aliyecheka ni yule mwashi peke yake, akajifanya anakohoa. Papa Ijeni alimaliza, akapigiwa makofi, akakaa, na sufuria zikaendelea kumngoja Mkubwa.

Alifika jua limeinamia milima ya Lemera. Alihutubia kwa kirefu juu ya afya ya wananchi. Kisha akanawa wa kwanza, katika beseni, maana protokole walimletea beseni alipokaa, na Papa Ijeni ndiye aliyeshika taulo. Akapewa sahani. Akaisogeza pembeni kwa kidole. Alikuwa amekwisha kula alikotoka, alisema. Ndiyo maana alichelewa. Akanywa Fanta, akaondoka.

Sisi tulikula. Tulikuwa na njaa, na kilikuwa kitamu.

Sitaeleza yaliyofuata zaidi ya kusema kwamba wataalamu wote wa usafi wa chakula wa Uvira, wakiwa na breve zao mpya mikononi, walijikuta kwenye foleni za vyoo, na breve zingine hazikurudi. Hakufa mtu. Lakini wengi walipelekwa kutiwa maji ya serumu, na katika mji ambao neno kolera linasemwa kwa kunong'ona, hilo lilitosha.

Kikaitwa kikao katika ukumbi ule ule. Mkubwa alitaka kujua kosa ni la nani. Alikuja mapema safari hiyo. Papa Ijeni alisimama, akapungua kama kawaida yake, na kwa sauti ndogo hata waliokaa nyuma ikabidi waambiwe tena, akasema, "Mpishi hakufuata maelekezo."

Mama alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakuna aliyesimama. Watu wale wote walikuwa wamekaa na sufuria zile mchana kutwa, walijua, mwashi alijua, wifi na wapangaji walijua. Ila kusema kwamba chakula kilingoja ni kusema kwamba Mkubwa alichelewa, na kwetu mkubwa hachelewi. Ni wengine tu wanaowahi. Mama alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja. Alisema jambo moja tu: "Hata megafoni hakushika."

Basi restora ikafa kwa muda. Mji wetu ukimcheka mtu unamcheka kwa bidii. Motari akimpakia abiria mwenye njaa alimuuliza, "Nikupeleke kwa Mama Neema? Weye unataka kula ama unataka kupiga mbio?" Watoto walitunga kawimbo. Mzee wa Luberizi alipita mbele ya mlango na magunia yake, akiangalia ng'ambo ya barabara, na mama akiwa amesimama pale, kitambaa begani, sufuria zimejaa. Tuliacha kununua nyama. Dada yangu aliacha shule kwa muhula. Nyumba inayoishi kwa sufuria inajua haraka zikiwa hazifunguliwi.

Mama hakwenda kwa Papa Ijeni kugombana. Alifanya kitu kibaya zaidi: alimtii. Aliacha sufuria kubwa, akanunua ndogo. Akawa anapika kidogo, anamaliza, anapika tena. Chakula kikikaa zaidi ya alivyofundishwa, anakitoa nje kwa bata wa jirani, hata kama kingali kinanukia, hata kama mteja amesimama na kijiko. "Ngoja ingine," anamwambia. "Iko ku moto." Watu walikuja kushangaa. Restora inayofukuza wateja! Inalisha bata mukeke! Walikuja kucheka, wakangoja ili wapate cha kusimulia, wakaletewa bugali inayotoa moshi na ndagala wanaolia bado katika mafuta, wakala, na kesho yake wakarudi wakisema ni kwa ajili ya kucheka tena. Motari ndio walioanza. Mtu anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima anathamini kitu cha moto.

Lakini jina halikurudi lote. Walikula kwake na kuendelea kusema, mdomo umejaa, "Huyu mama alituua siku ile." Kwa mzaha tu. Mimi niliona jinsi mkono wa mama ulivyosimama kidogo ndani ya sufuria kila mzaha ule uliposemwa.

Papa Ijeni, tangu kikao kile, akituona barabarani alivuka. Mara moja alileta mtu na boksi la sabuni, bila salamu. Nilitaka kulirudisha. Mama alilifungua, akatia kipande ndani ya soksi. "Sabuni haina kosa," alisema.

Mara ya mwisho nilimwona msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa nimekuja nyumbani, nimekaa karibu na mlango, mchana umekwisha na wateja wamepungua. Gari jeupe lilisimama nje, mashine inanguruma. Aliyeshuka mbele alikuwa Mkubwa, amenenepa. Aliyefuata alikuwa Papa Ijeni. Koti lilikuwa limegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna mradi mpya wa formasio, kwamba Mkubwa ndiye atakayechagua mwalimu, na kwamba vijana wenye kompyuta wanautaka. Nilielewa mara moja: Papa Ijeni alikuwa amemleta Mkubwa aone restora ya mfano, kazi ya mikono yake. Hakuwa na nyingine ya kuonyesha.

"Mama, tuko na njaa," alisema Mkubwa, akakaa bila kunawa. "Tuletee."

"Karibu, Mheshimiwa. Chakula kimeisha. Ingine iko ku moto. Mungoje kidogo."

Mkubwa alinyoosha kidole. Chini ya ukuta palikuwa na sufuria ya wali na maharage, imefunikwa.

"Na ile?"

"Ile ni ya bata."

"Ya bata!"

"Imekaa sana."

Alicheka, akatutazama sote tucheke naye. Motari wawili waliokuwa wanakula walicheka nusu. "Weye mama, unajua minye ni nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Njo maana sikupi ya bata."

Kicheko kilikwisha. Mkubwa alimgeukia mwenzake. "Mwalimu, mwambie mama yako apakue. Hii ni chakula. Iko na ubaya gani?"

Nikaona mabega yakishuka. Nikaona shingo ikiingia ndani ya koti, kama nilivyoiona mara zote, na nikasema moyoni, haya, tena. Mama aliacha mwiko juu ya mbabula. Alikuwa akimtazama mtu huyu kama alivyomtazama siku ya ukumbi, alipomwomba moto wake.

Papa Ijeni alikwenda ukutani. Akafunua sufuria. Akainama, akavuta pumzi, akafunika. Alibaki ameinama pale, mkono juu ya mfuniko.

"Mheshimiwa, tungoje."

"Nini?"

"Tungoje ya moto." Alikuwa akizungumza na mfuniko, si na mtu. "Hata ile ya siku ile iliiva vizuri. Mpishi alikuwa huyu mama. Alipika vizuri. Sisi njo tuliingojesha."

Ilikuwa sauti ndogo. Lakini chumba chetu ni kidogo, na mvua ilikuwa imekatika, na motari walikuwa wameacha kutafuna. Mkubwa alitazama saa yake. Akasema ana kikao. Mlango wa gari ukafungwa, na baadaye tuliambiwa alisimama mbele kidogo, kando ya barabara, akala mishikaki iliyokuwa ikilindwa na nzi. Mradi ulipewa kijana mwenye kompyuta.

"Kumbe!" alisema motari mmoja.

"Kumbe nini? Weye si ulikuwa pale?"

"Nilikuwa mu choo. Sikusikia kitu."

"Basi sasa umesikia," alisema mama, akachukua mwiko wake. "Mwambie na bale ba kawimbo."

Papa Ijeni alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, kama mtu aliyeteremshwa na gari mahali asipopajua. "Mama Neema," aliuliza, "minye naweza kungoja?"

"Iko bado kidogo. Nenda unawe."

Akaenda kwenye bidoni. Akafungua robine, akashika soksi ya sabuni, na midomo ikaanza kucheza. Nilimfuata kichwani, neno kwa neno, kwa mazoea ya utotoni, nikangoja akate. Akafika penye mkate. Hakukata. Akavuka, akaingia katika sehemu ile inayofuata, ile ya kusamehewa makosa, na hapo akasimama. Midomo ilitulia. Vidole vilitulia. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya mikono yake mitupu na kuchimba shimo katika udongo, na yeye hakuyaona, mpaka sauti ya mama ilipotoka jikoni, kali, pamoja na mlio wa ndagala wakiingia mafutani.

"Papa, funga robine! Maji hii tunanunua. Na chakula kimeiva, hakikungoji."

Akafunga.